Muulize Kwanza Amefikaje

Kazi ilinifikia kwa barua pepe saa tano usiku, kutoka anwani nisiyoijua yenye jina la duka. Hapakuwa na salamu wala jina la mwanafunzi, ni faili tu. Nilipolifungua nikakuta insha ya kurasa nane juu ya nadharia za nafsi, na kila alipotajwa yule daktari wa Vienna aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi, palisomeka "Sigmund Fraud". Mara kumi na moja. Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaamka. Kisha nikakata alama tano na kuandika chini: soma kazi yako kabla ya kuituma.

Wiki mbili baadaye mwenye insha akabisha hodi ofisini. Hakuja kulalamika, alikuja kuomba radhi. Mkononi alishika daftari la mistari lenye insha ile ile kwa mwandiko wake, na humo Freud ameandikwa sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Hana kompyuta. Alikuwa ameandika kwa mkono, akaenda saiba moja karibu na stendi, kijana wa pale akachapa kwa shilingi 40 kila ukurasa na kuituma kwa anwani ya duka. Kompyuta ya duka haikuwahi kusikia habari za Freud, ila neno la Kiingereza la utapeli ilikuwa inalijua vizuri. Binti hakubakiwa na hela ya kukaa pale akikagua ukurasa kwa ukurasa.

Nilimrudishia alama zake. Aibu ndiyo niliyobaki nayo, maana mimi ndiye niliyepaswa kujua.

Mimi ni mtu wa Lushoto, Tanzania. Nilikuja Machakos nikimfuata mke, mwenyeji wa Masii, na siku niliposhuka Kyumbi kwenye njia panda nilikuwa na shahada ya uzamivu, masanduku mawili na Kiswahili kilichowafanya wanafunzi wanisikilize kama taarifa ya habari. Nilidhani nimefika jirani tu. Lugha moja, jumuiya moja, hata matuta ya milimani yanafanana na ya kwetu. Kumbe ujirani ndio unaomdanganya mtu, kwa sababu hakuna anayehisi haja ya kukueleza. Nilikwenda ofisi moja mara nne kwa ajili ya karatasi zangu za kufanya kazi, na kila safari nikarudishwa kwa kitu ambacho hakikuandikwa popote. Mara ya nne, mama aliyekuwa anafagia ukumbi aliegemea fagio lake akaniambia: "Mzee, toa nakala mbili za kila kitu, na uende dirisha lile la mwisho kabla ya saa mbili. Hili ulilopanga foleni ni la kuuliza tu." Ilimchukua chini ya dakika moja.

Mama yule ndiye mlezi wa kwanza niliyempata Kenya, na tangu hapo ndivyo ninavyoielewa kazi ya kumlea mwanafunzi: kumwambia waziwazi yale ambayo wenyeji wanayajua bila kuambiwa. Mtoto wa Yatta ambaye hakuna mtu wa kwao aliyewahi kuingia chuo kikuu ni mhamiaji kama mimi, ila yeye hakuvuka mpaka wowote, kwa hiyo hakuna anayemhurumia. Nawaandikia wahadhiri wenzangu, walimu wa ushauri nasaha mashuleni, na ndugu walio ughaibuni wanaosema wangependa kumshika mkono mwanafunzi mmoja au wawili wa saikolojia huku nyumbani. Nia yenu ni njema. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaanza na mawaidha, na mawaidha mtoto huyu amekwisha kuyasikia kanisani, msikitini na kwa shangazi zake.

Anza na fedha, maana ndiko tunakokwepa. Ukimuuliza mwanafunzi maskini "una shida gani?" atakujibu "hakuna, Daktari", na atakuwa amekujibu kwa heshima kama alivyofunzwa. Mimi sasa nauliza: "Leo umefikaje?" Swali hilo halimvui mtu nguo. Mmoja atasema alipanda matatu Matuu saa kumi na moja alfajiri. Mwingine atasema ametembea kutoka Mumbuni kwa sababu mama alituma mia tano na deni la simu la Fuliza likameza mia tatu kabla hajaziona. Ukishajua hivyo unajua kwa nini analala kipindi cha saa nane mchana, na huhitaji nadharia ya motisha kumweleza.

Dixon Chibanda, daktari wa akili wa Zimbabwe, amesimulia hadharani jinsi alivyompoteza mgonjwa wake aliyekuwa anaitwa Erica. Binti alizidiwa, mama yake akajua kabisa kwamba inabidi arudishwe hospitali Harare, lakini nauli ya basi ilikuwa dola 15 na nyumbani hazikuwepo. Kutokana na msiba huo Chibanda alianza kuwafunza mabibi wa mtaani kukaa na watu kwenye benchi na kuwasikiliza pale pale wanapoishi. Sisi tunaofundisha taaluma hii tunaitaja sana benchi ile darasani. Nauli hatuitaji, na nauli ndiyo iliyoleta benchi.

Kwa hiyo, wiki ya kwanza ya muhula kaa na mwanafunzi wako na karatasi moja. Andikeni kodi ya chumba, chakula, bando, kuchapisha kazi, kujalidi ripoti ya mwisho, na nauli ya kwenda kwenye mafunzo ya vitendo, yale ambayo kwetu Tanzania tunayaita fildi na hapa yanaitwa atachimenti. Upande wa pili andikeni kinachoingia na lini kinaingia. Neno "lini" ndilo lenye maana kuliko yote. Mkopo wa HELB, bodi iliyoanza 1995, huombwa upya kila mwaka. Nimekutana na zaidi ya mwanafunzi mmoja aliyedhani fomu ya mwaka wa kwanza inatosha hadi kuhitimu, akaja kushtuka mwaka wa pili umefika katikati. Mwambie pia kwamba ni deni: riba ni asilimia 4 kwa mwaka, na marejesho yanatarajiwa kuanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Basari za eneo bunge na za kaunti zina tabia nyingine. Fomu hutolewa huko nyumbani, zinataka muhuri wa chifu, na tangazo hubandikwa wakati mwanafunzi yuko chuoni. Awe na mtu mmoja kijijini, mdogo wake au jirani, mwenye kazi ya kupita kwenye ofisi ya wadi na kupiga picha ubao wa matangazo. Jambo dogo, lakini nimeona limeokoa muhula mzima.

Na mfuko wako je? Kanuni yangu ni kutokumkopesha mwanafunzi hata siku moja. Nikiwa nacho natoa kidogo na kukisahau. Nisipokuwa nacho namwonyesha mlango wa ofisi inayohusika na kumsindikiza hadi hapo. Ukishamkopesha, atakukwepa kwenye korido, na mwanafunzi anayekukwepa huwezi kumlea. Halafu kuna wale wanaolipia karo ya mtoto kisha wanamtuma kuwaoshea gari Jumamosi. Hao nisiwaseme sana, wanajijua.

Jambo la pili ni kumwambia ukweli kuhusu fani yenyewe. Wengi hawakuichagua saikolojia. Walipata alama C+ au zaidi kidogo kwenye mtihani wa KCSE, mfumo wa KUCCPS ukawapangia kozi, na baba bado anauliza kama mwanawe anasomea kubashiri mawazo ya watu. Mwanafunzi wa kitajiri ana mjomba wa kumweleza kinachofuata baada ya shahada. Huyu ana wewe. Mweleze kwamba Kenya ina Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia, namba 14 ya 2014, na bodi inayosajili watu wa kazi hii. Kwamba shahada ya kwanza peke yake haimfanyi mtu kuwa mwanasaikolojia tiba, bali inabidi aendelee na uzamili na saa nyingi za mazoezi chini ya usimamizi. Mweleze mwaka wa kwanza, siyo siku ya mahafali. Wapo watakaoamua kuelekea rasilimali watu, utafiti, vituo vya kurekebisha walevi au ualimu. Huko si kushindwa. Kushindwa ni kugundua njia ni ndefu wakati huna tena nauli ya kurudi.

Na usimfiche historia. Hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, ilifunguliwa 1910, na kuanzia 1938 hadi 1950 iliongozwa na J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alidai kwamba Mwafrika wa kawaida hatumii sana sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Nilikuwa nakiruka kipindi hicho nikiogopa kuwavunja moyo wanafunzi. Nilikosea. Siku niliyokifundisha, darasa lilikaa kimya, kisha kijana mmoja akauliza: "Daktari, huyu aliwahi kumuuliza mtu yeyote swali akasubiri jibu?" Sijapata bado mtihani wenye swali zuri kama lile. Carothers naye alikuwa mgeni katika nchi hii. Mgeni anaweza kuongoza hospitali miaka kumi na mbili na asiulize. Lakini wapo waliokuja wakauliza: Manasi Kumar, kutoka India kupitia London, aliwafundisha vijana wa Nairobi saikolojia tiba na kufanya nao utafiti juu ya wasichana wanaopata ujauzito wakiwa bado wadogo. Wapo pia wenyeji kama Profesa David Ndetei, ambaye yeye na wenzake wamefanya kazi kwa miaka mingi Makueni, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi 1992, wakiwashirikisha hata waganga wa kienyeji na viongozi wa dini badala ya kuwapuuza. Mwanafunzi akiyajua majina haya pamoja na lile la Carothers, ataelewa anaingia kwenye ugomvi ambao haujaisha, na kwamba ana nafasi ndani yake.

Sasa nifike kwenye kiini, maana yote hayo ni matayarisho. Mlete mwanafunzi akae karibu yako unapofanya kazi.

Wamunyu, mwendo si mrefu kutoka kwa wakwe zangu, ndiko ulikoanzia uchongaji wa vinyago unaouzwa leo Nairobi na Mombasa. Mutisya Munge alipelekwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akawaona wachongaji wa huko, na aliporudi akaanza kuchonga kwa ajili ya kuuza. Ufundi ukaenea kwa jamaa na majirani hadi ukawa riziki ya eneo zima. Mimi kama Mtanganyika huwa najidai kidogo ninapopita pale. Ninachokipenda katika kisa hicho ni kwamba ufundi wa namna hiyo haupiti kwenye hotuba. Unapita kwenye kukaa mkabala na mtu mwenye tezo, unaona anavyoshika, anavyokosea, anavyogeuza gogo lililopasuka kuwa kitu kingine.

Sisi wahadhiri tunaficha tezo. Mwanafunzi huona makala iliyochapishwa, haoni rasimu tisa. Huona kibali cha utafiti, haoni barua ya kamati ya maadili iliyorudisha maombi yetu na maswali kumi na manne. Binti wa "Fraud" nilimpa kiti cha pembeni ofisini kwangu kila Jumatano mchana. Nilipokuwa najaza maombi ya kibali cha utafiti cha NACOSTI, alikuwa anaona. Nilipoandikiwa na jarida kwamba makala yangu imekataliwa, nilimpa asome barua yenyewe. Aliisoma mara mbili, akaniuliza: "Kwa hiyo wewe pia?"

Halafu nikampa kazi. Tulikuwa tunatumia dodoso la PHQ-9, maswali tisa kuhusu sonona katika majuma mawili yaliyopita, alama 0 hadi 27, ambalo mtu yeyote anaweza kulitumia bila kulipia. Lipo kwa Kiswahili. Nilimwomba alijaribu kwa Kikamba na bibi yake, kama zoezi tu. Alirudi Jumatatu amechanganyikiwa. Swali la nne linauliza kama umesumbuliwa na kuchoka au kukosa nguvu. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. Nani hajachoka? Mtungi umetoka mtoni sasa hivi, na mlima ni ule unaouona. Swali la pili, la huzuni na kukata tamaa, lilimshinda binti mwenyewe: kila neno alilolipata lilikuwa ama zito mno, la msibani, ama jepesi mno, la mtoto aliyenyimwa sukari. Tulikaa saa mbili na swali hilo moja. Akapendekeza tuulize kuhusu mtu ambaye jembe analiona pale mlangoni na mkono hauinuki. Sikukubali moja kwa moja, kwa sababu dodoso halibadilishwi kwa hisia za mtu mmoja. Linatafsiriwa, linarudishwa lugha ya awali na mtu mwingine, linajaribiwa kwa wengi. Lakini siku ile alielewa uhalali wa kipimo kuliko wenzake waliokariri fasili yake. Na alielewa kwamba Kikamba chake, alichokuwa anakiacha getini kila asubuhi, ni chombo cha kazi.

Ulezi wa kukaa karibu una kasoro moja: viti havitoshi. Una wanafunzi mia na themanini, na huwezi kuwa na Jumatano mia na themanini. Wakamba wana utaratibu wa mwethya, watu wanakusanyika kwenye shamba la mmoja, wanalimaliza, kesho wanahamia kwa mwingine. Sehemu kubwa ya matuta ya fanya juu unayoyaona kwenye milima hii ilichimbwa hivyo. Nimeunda vikundi vya watano watano, mmoja wa mwaka wa nne, mmoja wa tatu, na watatu wa miaka ya chini. Wa juu anawaeleza wa chini yale ya dirisha la mwisho: mhadhiri gani anapokea kazi ya mkononi, hospitali gani inapokea wanafunzi wa vitendo na barua ipelekwe kwa nani, chumba kipi kina umeme wa uhakika. Mimi nakutana na wale wa mwaka wa nne tu.

Nilisita mwanzoni, nikidhani vijana watapotoshana. Kilichonitoa wasiwasi ni kazi ya Shamiri, taasisi iliyoanzishwa na Tom Osborn, Mkenya aliyesomea saikolojia Harvard. Walichukua vijana waliotoka kumaliza sekondari, wakawapa mafunzo mafupi, wakawaongoza kukaa na wanafunzi katika vikundi mara nne tu. Utafiti wao wenye vijana 413 katika shule nne, uliochapishwa 2021, ulionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua zaidi kuliko kwa wale waliofundishwa mbinu za kusoma. Ikiwa kijana wa miaka kumi na tisa anaweza hilo akiwa na msimamizi nyuma yake, anaweza pia kumweleza mwenzake namna ya kuandika barua ya maombi.

Kuna mpaka lakini, na katika fani yetu unavukwa kirahisi. Mwanafunzi anayekuamini atakuletea mambo ya ndani: baba mlevi, mimba, mawazo ya kujiua. Wewe ni mwanasaikolojia, unajua la kufanya, na mkono unakuwasha. Usiwe mtabibu wake. Unasahihisha mitihani yake, unaandika barua zake za mapendekezo. Hawezi kukuambia ukweli wote na wewe hutaweza kuusahau unapompa alama. Msikilize, kisha mfikishe kwa mtu mwingine, na mfikishe kwa miguu siku hiyo hiyo, siyo kwa kumwandikia namba kwenye kikaratasi. Kuwa na majina mawili matatu ya wanasihi uliokwisha kuzungumza nao kabla. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na vijana walikuwa wanalijua hilo. Januari 2025 Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha katiba. Waambie. Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa polisi hadi leo.

Na mlango wa ofisi uwe wazi. Sitaki kulizunguka: wapo wanaotumia neno ulezi kuwavizia mabinti, na msichana asiye na nauli ndiye wanayemtafuta. Kiti changu cha Jumatano kinaonekana kutoka kwenye korido, na yeyote akipita anatusalimu.

Kwa walio ughaibuni nina neno moja tu. Msiwatumie vijana picha za theluji. Watumieni barua yenu ya maombi iliyokataliwa na ile iliyokubaliwa, waone tofauti. Waambieni kwamba vyuo vingi vya Marekani husamehe ada ya maombi ukiomba, kwamba mtihani wa Kiingereza una gharama na inabidi ianze kuwekwa akiba mapema, na kwamba DAAD ya Ujerumani na Jumuiya ya Madola hutoa ufadhili ambao muda wake wa kuomba hufungwa miezi mingi kabla ya masomo kuanza. Saa moja ya simu kwa mwezi, siku isiyobadilika, inamfaa kijana kuliko ahadi ya kompyuta ambayo haifiki.

Binti sasa yuko mwaka wa nne na anaongoza kikundi chake. Mimi nilikwenda kumwona kijana wa saiba. Nilimpelekea karatasi niliyoichapisha kwa herufi kubwa, majina ishirini na sita ya wanasaikolojia yameandikwa kama yanavyotakiwa, akaibandika ukutani juu ya mashine, kando ya bei za kuchapa. Freud sasa anatoka salama. Pavlov anatoka salama. Piaget peke yake ndiye anayeendelea kunifikia kama "Pigeat", na siku hizi nikimwona najua kazi imechapwa duka gani.